Bingwa Asiye na Sifa

Msomaji, nikikutajia Inna Deriglazova, yamkini jina hilo halitakukumbusha kitu. Hata mimi sikulijua kwa miaka mingi, nami hujidai kuwa mpenzi wa michezo.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1990 mjini Kurchatov, Urusi. Mchezo wake ni wa vitara. Kitara chake ni chembamba, hakikati. Ncha yake tu ndiyo ihesabiwayo, nayo sharti imguse mpinzani kiwiliwili, kwani mkono na mguu havina thamani. Alijifungua binti mwaka 2009, akarudi mchezoni, na mwaka 2012 huko London akapata medali ya fedha pamoja na wenzake. Mwaka 2016 huko Rio alimshinda Elisa Di Francisca wa Italia kwa 12 kwa 11. Mguso mmoja! Ubingwa wa dunia aliutwaa mwaka 2015, 2017 na 2019.

Niliwauliza wanafunzi wangu habari zake. Walijua hata wachezaji wa akiba wa timu za mpira za Uingereza; yeye hakujulikana na yeyote. Siwalaumu. Mpira huonekana, bali ncha ya kitara hulishinda jicho kwa wepesi, hata taa ya umeme ndiyo itoayo ushahidi.

Mwaka 2021 huko Tokyo, Lee Kiefer wa Marekani alimshinda 15 kwa 13. Siku chache baadaye alisimama tena na wenzake, wakatwaa dhahabu. Mimi siku hiyo nilikuwa nikisahihisha madaftari, sina habari.