Deni kwa Mlinzi

Nimekosa adabu mara nyingi maishani mwangu, lakini liko kosa moja linirudialo kila Aprili kama mdai asiyechoka.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 nilikuwa nikisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa. Katika wilaya ya Kibiti tulisimamishwa penye kizuizi cha polisi. Askari kijana aliingia, akatuamkia, akaanza kutazama mizigo yetu. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na haraka. Nilimwambia kwa ukali kuwa alikuwa akitupotezea wakati. Hakukasirika. Alijibu, "Niwie radhi, mzee. Heri mchelewe, mfike." Akashuka. Sikumshukuru wala sikumwuliza jina.

Jioni ya tarehe 13 Aprili mwaka ule, askari wanane wa polisi waliuawa kwa risasi huko Mkengeni, Kibiti, walipokuwa garini wakirejea kutoka kubadilishana lindo. Hawakufa katika vita vilivyotangazwa, wala mbele ya macho ya washangiliaji. Walikufa katika kazi ya kila siku, saa ambayo mtu aliyemaliza zamu hufikiri chakula na usingizi. Katika miezi ile viongozi wa vijiji nao waliuawa. Msiba wa mlinzi na msiba wa mlindwa ulikuwa mmoja.

Tangu hapo siwezi kuwakumbuka wale wanane ila kwa sura ya kijana yule. Yamkini yu hai, na Mungu amweke. Lakini kila mmoja wao alikuwa kijana yule kwa msafiri fulani, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumngoja nyumbani.

Watu hudhani kuwa ushujaa wa askari huanza bunduki inapolia. Mimi naona huanza mapema zaidi: asubuhi, anapofunga vifungo vya sare yake, hali anaijua hatari, akatoka. Risasi huonyesha mwisho wa ushujaa huo, haiuzai. Basi atakaye kumheshimu mlinzi asingoje mazishi yake.

Wafu hawapokei malipo. Deni lao hulipwa kwa walio hai. Siku hizi nifikapo penye kizuizi hutangulia kumsalimu askari, nikamwuliza jina, nikamshukuru. Ni malipo madogo kwa deni kubwa, tena yamechelewa. Lakini nilikwisha fundishwa njiani kuwa heri kuchelewa, mtu akafika.