Chombo Kilichokosa Anwani

Asubuhi ya baada ya maulidi tulifunga chuoni kwetu, Muleba, chombo kipya cha kusambazia waifai. Kikawaka taa, simu zikakiona, lakini hapana kitu. Simu ya kijana mtunzaji peke yake ndiyo ilipata intaneti. Wazee watatu wakasema mbele ya mama yake kwamba amekula bando la chuo. Neno zito hilo!

Nikamwita fundi kutoka Bukoba. Akaeleza kuwa kila chombo kikiingia huomba anwani, na ruta hukiazima moja kwa muda maalumu. Yetu ilipangiwa anwani 50 tu, za saa 24. Wageni wa maulidi walikwishaondoka, lakini anwani za simu zao zilikuwa bado zimeshikwa. Kijana alipata yake mapema. (Kompyuta ikikosa jibu, aghalabu hujipa anwani inayoanza na 169.254, isiyofika nje. Mkiiona, msikimbilie kununua bando.)

Fundi akakipa chombo anwani ya kudumu, nje ya zile za kuazimwa, na muda wa simu akaufanya saa 2. Bando lilikuwapo.

Mpaka naandika haya, ni mzee mmoja tu aliyemwomba kijana radhi.