Norfolk, Nchi ya Matete na Ukungu

Mashariki ya Uingereza, katika jimbo la Norfolk, yako mabwawa ya kina kifupi yaliyozungukwa na matete. Asili yake ni jasho la watu: karne nyingi zilizopita walichimba humo udongo wa kuwashia moto, kisha maji yakayajaza mashimo.

Huko ndiko daktari Peter Henry Emerson alikopeleka kamera yake. Mwaka 1886, pamoja na mchoraji Thomas Goodall, alitoa kitabu chenye picha 40 zilizosafishwa kwenye karatasi ya madini ya platinamu, yenye kijivu laini mfano wa ukungu wa alfajiri. Katika mojawapo twawaona wafanyakazi wakirejea nyumbani kutoka mabwawani.

Emerson alishikilia kwamba jicho huona wazi kile tu linachokikazia, na vingine hufifia; basi picha nayo ilifuate jicho. Kwa hoja hiyo aliidai picha kuwa sanaa. Hata hivyo, mwaka 1890 aliikana hoja yake hadharani.

Kwa bahati njema hakuitupa kamera. Mwaka 1895 alitoa kitabu kingine, chenye picha 16 za nchi ile ile. Alichokikana kwa kalamu, mkono wake uliendelea kukithibitisha.