Kitunguu na Kiboko

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia Upanga. Asubuhi aliupita ukuta wa Shule ya Kimataifa ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1963, na hakuwahi kuona ndani. Alisoma Azania, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafundisha Kiswahili shule ya serikali kwa miaka 11, darasa moja watoto 90.

Kilichomshikisha kalamu ni msiba. Mwezi uliopita alizikwa mwalimu mstaafu wa flati za Upanga, mama aliyekuwa akiwafundisha Kiswahili mabalozi na madaktari wageni. Zamani mwandishi alimwendea baada ya kutuma barua za maombi ya kazi kwenye shule za kimataifa za Nairobi, Kampala na Muscat bila kujibiwa. Mama alisoma moja, akaikunja. "Mwanangu, siku ya kwanza utawapa nini watoto wasiojua hata shikamoo?"

"Ngeli, mama."

"Basi kazi hiyo bado hujaiweza."

Kesho yake walikwenda Kariakoo, kwenye soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Walirudi na kapu la vitunguu, mikate na machungwa. Mbele ya wanafunzi wake mama alishika kimoja kimoja: kitunguu hiki kidogo, vitunguu hivi vidogo, mkate huu mdogo, mikate hii midogo, chungwa hili dogo, machungwa haya madogo. Ubaoni hakuandika neno. Mwanafunzi akikosea, mama alirudia sentensi ikiwa sahihi na kuendelea, bila kumkatiza. Jedwali la ngeli lilisubiri hadi wiki ya sita.

Kwa kapu hilo mwandishi alishinda usaili wa shule moja ya Nairobi, akawaandaa wanafunzi kwa mtihani wa Cambridge wa Kiswahili.

Shule hiyo ilikuwa na ngazi mbili za mshahara. Aliyeajiriwa kutoka Ulaya alipewa nyumba na tiketi za familia. Yeye aliyevuka mpaka wa Namanga alihesabiwa wa hapa hapa. Alisaini kwa sababu ya shida, na uchungu huo haujaisha. Vijana, ulizeni kabla ya kusaini: nyumba ni ya nani, ada ya watoto wenu italipwa na nani, kibali cha kazi nani anakigharamia? Na msidhani kuzaliwa na Kiswahili ni kujua kukifundisha. Tangu UNESCO itangaze Julai 7 kuwa siku yake, wengi wanatuma maombi wakiwa na ulimi tu, hawana hata andalio moja la somo.

Jambo moja hakukubaliana na mama mpaka kifo. Kiboko. Neno linaanza na ki kama kitunguu, lakini tunasema kiboko huyu anakula. Mama alishikilia kwamba mtoto atasikia mwenyewe. Mwandishi anasema mwanafunzi wa miaka 14 anadai sababu, na sababu iko kwenye jedwali: wanasarufi wa kale waliangalia kiambishi cha nomino, shule zetu leo zinaangalia upatanisho kwenye kitenzi, ndiyo maana kiboko yuko kwenye ngeli ya A-WA.

Juzi vijana wawili wanaotafuta kazi Muscat walimfuata Upanga. Aliwatuma kununua vitunguu kwanza. Waliporudi, mmoja akauliza habari ya kiboko, naye akachukua chaki.