Kutoka Imla hadi Jukwaani

Mimi ni mzaliwa wa Muyinga, Burundi, ambako Kiswahili huingia pamoja na bidhaa za mpaka wa Kobero. Fasihi naifundisha Gitega. Chuoni nilifunzwa kuchambua matini. Darasani nikakuta wanafunzi wengi na vitabu vichache, basi imla ikawa ndiyo somo: mimi nasoma, wao wananakili. Hata vitendawili viliandikwa ubaoni, jibu kando yake. Watoto waliozoea kuitikia "Niruze!" bibi anapotega kitendawili kwa "Sokwe!" waliviangalia kama hesabu za mtu mwingine.

Aliyenigeuza ni Penina Mlama, msomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1996 yeye na wenzake walianzisha TUSEME, mradi wa kuwawezesha wasichana wa sekondari Tanzania kusema yanayowakwamisha shuleni. Maigizo hata sisi tulikuwa nayo, ya siku za sherehe. Lakini wasichana wa TUSEME walichunguza kwanza tatizo lao, wakalichambua, wakaliigiza, kisha wakajadili la kufanya. Nikajiambia: huu ni uhakiki kamili, tena wa maisha yao wenyewe.

Likizo moja nikajaribu na vijana wa mtaani kwetu Muyinga. Walichagua kisa cha mama mchuuzi na ofisa wa forodha. Mchezo ulipokwama nikaazima mbinu ya Augusto Boal wa Brazil: mtazamaji aingie, ashike nafasi ya mhusika, ajaribu njia nyingine. Msichana mmoja mkimya akainuka, akambana ofisa kwa Kiswahili, akageukia Kirundi, akadai risiti. Watu walicheka, kisha wakabishana mpaka jioni: kwa nini alibadili lugha pale? Istilahi za mgogoro na uhusika nilizileta baadaye, nazo hazikuwapotea.

Gitega nilitamani kuanza na ngoma za kifalme, maana Gishora, kitovu cha ngoma hizo, iko jirani, na UNESCO iliutambua urithi huo mwaka 2014. Lakini amri ya rais ya 2017 iliwazuia wanawake kuzipiga, na somo linalowaacha wasichana wakitazama kwangu si somo. Tukashika vitendawili na maigizo.

Walimu wenzangu, najua mnaogopa mtihani wa taifa. Anzeni na igizo la dakika kumi za mwisho wa kipindi, na nafasi ya ofisa mpeni yule asiyenyoosha mkono kamwe.