Trima za Mzee

Ufundi wa televisheni nilijifunzia mtaa wa Fedha, Nairobi, miaka ya tisini ikielekea mwisho, katika chumba cha ghorofa ya chini upande wa Tassia. Seti zililetwa kwa mkokoteni, zile za kisogo kirefu, na juu ya meza ya mwalimu wangu, tuliyemwita Mzee, palikuwa na osiloskopu moja tu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme: Tektronix 465, aina iliyotoka 1972, ya megahezi 100. Ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kutufikia. Mzee aliitunza sana, ila hakuiamini hivi hivi.

Somo lililonikaa zaidi ni la atenyueta. Ishara kubwa ikiingia haiendi moja kwa moja kwenye kioo cha skopu. Kwanza hupunguzwa mara 10 au mara 100 ili volti kubwa isizidi uwezo wa mashine. Katika mgao wa kawaida wa mara 10, rezista ya kilo-omu 900 hukaa njiani, na ya kilo-omu 111 hukaa sambamba na megaomu moja ya ingizo. Kwa volti isiyobadilika hesabu hiyo inatosha. Lakini kila waya na kila swichi ina ukapasita wake mdogo, na masafa yakipanda, ukapasita huo ndio unaogawa. Ndipo trima inapohitajika, kapasita ndogo ya kuzungusha, ili mgao wa masafa ya juu ulingane na ule wa rezista.

Skopu tuliiacha ipate joto kama dakika ishirini, kisha tukaingiza wimbi la mraba la kilohezi moja. Pembe ikichongoka, masafa ya juu yanapita kupita kiasi; ikilegea, yanazuiwa. Bisibisi ya chuma ilikuwa marufuku, maana chuma chenyewe huongeza ukapasita: unaseti vizuri, ukiiondoa wimbi linaharibika. Mzee alijichongea ya plastiki. Tena kulikuwa na trima ya pili, ya kuhakikisha ukapasita wa ingizo, karibu pikofaradi 20, haubadiliki ukihama reinji. La sivyo probu, yaani waya wa kupimia, iliyo sawa huku itapotoka kule. Hizo mbili huvutana. Unagusa hii, unairudia ile, na uvumilivu huo niliupenda kuliko kazi nyingine yoyote pale.

Katika televisheni za mfumo wa PAL, palsi za mistari ya picha huja mara 15,625 kwa sekunde. Jioni moja zilionekana zimelegea kwenye seti ya mteja.

"Kijana wangu, hii seti ndiyo inaumwa, ama ni sisi?"

"Sijui, Mzee."

Akapeleka probu kwenye kalibreta ya skopu yenyewe. Reinji ile ile, pembe zikalegea vile vile. Reinji nyingine, zikasimama wima. Tulikuwa sisi. Bodi ya mteja hatukuigusa mpaka trima ziliporekebishwa.

Wengi husema kuhamia dijitali ndiko kulikoua kazi hii. Sikubaliani nao. Mitambo ya analogi ilizimwa Nairobi mwanzoni mwa 2015, lakini watu walinunua ving'amuzi wakaviunganisha na seti zao za kisogo, na kazi ikaendelea. Iliyotuondoa ni skrini bapa. Hapo fundi hafuati wimbi. Anang'oa bodi nzima na kuweka nyingine kutoka Luthuli Avenue. Chumba cha Mzee sasa ni duka la M-Pesa, na nyumba za jirani zimepandishwa ghorofa.

Skopu yangu ya leo ni ya kidijitali. Unachomoa probu zote, unabonyeza kitufe, inajipima yenyewe kwa dakika chache. Ni mashine nzuri. Lakini probu bado zinasawazishwa kwa mkono, na huja na bisibisi ndogo ya plastiki ndani ya mfuko. Vijana wanaojifunza kwangu wana tabia ya kuutupa mfuko huo bila kuufungua. Huwa nawasimamisha hapo hapo: weka wimbi la kilohezi moja, pitia reinji moja baada ya nyingine, nionyeshe pembe, ndipo uguse bodi ya mtu.