Siku Mbili katika Ziwa la Ndege

Msafiri atokaye Goma na kutaka kuliona ziwa Bunyonyi, katika Uganda, hana haja ya kufunga mizigo mingi. Mimi na mke wangu tulikwenda huko mwezi wa Agosti 2018, shule zikiwa zimefungwa, tukatumia siku mbili tu. Tulivuka mpaka alfajiri, tukapita Gisenyi na Musanze, hata tukafika Cyanika, chini ya mlima Muhabura wenye kimo cha mita 4,127. Hapo dereva huacha upande wa kuume wa barabara na kushika wa kushoto, maana nchi ya Uganda imerithi desturi ya Waingereza. Mke wangu alishika mlango wa motokaa kwa mikono miwili hadi Kisoro, wala hakunena neno.

Toka Kisoro njia hupanda kwa mizunguko mpaka Kanaba. Ukigeuka nyuma hapo utaona Muhabura, Mgahinga na Sabinyo imesimama kwa safu. Kisha huja msitu wa Echuya na mianzi yake, na baridi. Karibu na Kabale tuliiacha lami, tukafuata njia ya vumbi hadi bandari ndogo ya Rutinda.

Ziwa hili halionekani lote kwa mara moja, maana linajipenyeza katika mabonde kama vidole vya mkono. Kwa asili halikuwa ziwa: lilikuwa bonde la mto, na volkano zikamwaga mawe ya moto yakaliziba. Maji yakapanda, na vilima vikabaki vichwa tu. Vichwa hivyo ndivyo visiwa tuvionavyo, vipatavyo 29. Mteremko wote umekatwa matuta ya viazi, mtama na maharagwe mpaka ukingoni mwa maji. Jina Bunyonyi lina maana ya mahali pa ndege wadogo, na kwa kweli kelele zao asubuhi hazimwachi mtu alale. Watu wa hapo hupenda kusema kwamba kina chake ni mita 900. Waliopima hawakufika hata mita 50.

Kesho yake mzee mmoja alitupeleka kwa mtumbwi wake. Alijua Kiswahili cha sokoni, akatutajia kila kisiwa kwa jina. Tulipofika penye kisiwa kidogo mno, chenye nyasi na mti mmoja mkavu, aliacha kupiga kasia. «Hiki ni Akampene,» alisema.

Zamani Wakiga walimleta hapa msichana aliyeonekana ana mimba kabla ya kuolewa. Waliomleta walikuwa jamaa zake mwenyewe. Bintiye mtu alikuwa tumaini la ng'ombe wa mahari, na aliyechukua mimba alihesabiwa kuwa amewapotezea mali na kuwatia aibu. Aliachwa bila chakula wala moto. Wengi hawakujua kuogelea. Mwanamume maskini asiye na ng'ombe aliweza kuja kumchukua awe mkewe pasipo kulipa kitu. Wengine hawakujiwa na mtu. Desturi hiyo ilikoma katika karne iliyopita, lakini si ya kale mno: mwanamke mmoja aliyeokolewa hivyo alikuwa hai bado mwaka 2017.

Mke wangu aliuliza, «Mzee, na kijana aliyempa mimba alipelekwa kisiwa gani?»

«Mama, yeye hakuwa na kisiwa,» akajibu mzee, akashika kasia tena.

Mimi ni mwalimu. Nimeona darasani nafasi ya msichana ikibaki tupu kwa sababu kama hiyo, naye kijana husika akiketi mstari wa pili, daftari lake limefunguliwa. Nilitazama maji bila kusema kitu.

Mbele kidogo kuna kisiwa kikubwa cha Bwama. Huko daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha mwaka 1931 makao ya wenye ukoma, waliokuwa wakifukuzwa vijijini. Walitibiwa, wakalima, wakajenga nyumba. Siku hizi kuna shule. Tuliona mitumbwi ya wanafunzi imefungwa ufukoni. Mke wangu alitaka kukaa Bwama muda mrefu kuliko nilivyopanga, nami nilikubali.

Tuliporudi tulisimama Muko, mahali ambapo mto Ruhezamyenda hutoka ziwani. Maji yake hushukia ziwa Mutanda, huingia Kongo kwa mto Rutshuru, hufika ziwa Edward, hatimaye Nile. Nilipokuwa nikimweleza hayo, mke wangu alitoa simu akampigia binti yetu mkubwa, mwenye miaka 16. Alimwambia kwamba tutaingia jioni, ateleke maji, na asilale kabla hatujafika, kwa kuwa mama yake anataka kuzungumza naye.